Akianza Kukitema, Kitoe

Mwanangu Mutinda,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si Baba, si Mama, wala rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Jioni ya siku ile Kyalo alipozidiwa pale zahanati, ulikuja nyuma ya jiko nilipokuwa nikichambua mboga. Ulichuchumaa karibu na kuni, ukaficha uso, ukaniambia: "Mwaitu, alikuwa anakitema. Niliona kabisa anakitema." Ulisema kutema. Ulilitumia neno hilo sawasawa, kama mtu anayelijua. Nimekaa nalo kooni tangu jioni hiyo, na sitaki uondoke kesho kabla sijalitoa.

Mambo ya soksi, ya sabuni na ya kutomwachia mgeni sanduku lako kwenye stendi, Mama amekwisha kukuambia na kesho atakuambia tena ukiwa umeshika mlango. Mimi sitayagusa. Umeenda sokoni kuaga marafiki zako, nyumba imenyamaza baada ya ile sala ya wageni na soda zao, nami nimekaa mezani na karatasi za shule.

Nitakuita mwanangu barua hii yote. Wenzako wa chuoni wakiiona watacheka, maana umenizidi miaka mitano na unanyoa ndevu, ilhali mimi niko kidato cha tatu. Waeleze tu. Waambie kwamba kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na mimi ndiye Mumbua, jina la susu, nyanya yangu. Waambie kwamba Baba hawezi kunitaja jina langu kavu, kwa sababu ni jina la mamake, na ndiyo maana huniita mwaitu, mama yangu. Na wewe ni ndugu yake wa mwisho, kitinda mimba wa susu. Kwa hiyo mimi ni mama yako pia. Kwa watu wengine ni utani wa kufurahishia wageni. Kwetu wawili haukuwa utani.

Mimi siikumbuki siku ya mazishi ya susu, lakini Mama amenisimulia. Uliletwa hapa kwa kaka yako ukiwa na nguo kwenye mfuko wa unga, hukutaka kula, hukutaka kulala ndani. Baba akanibeba, akaniweka mapajani pako, akasema, "Usilie. Mama yako si huyu hapa?" Mama anasema uliniangalia muda mrefu, kisha ukamega ugali wako, ukanilisha. Tangu siku hiyo ulikuwa ukiumwa unakuja kwangu, ukipigwa shuleni unakuja kwangu. Watoto wa jirani walikuwa wakikuimbia, "Mama ya Mutinda hajaota meno," nawe unawajibu, "Akiyaota atawauma." Nilikua nikijua kwamba kuna mtu mmoja duniani ambaye ni wangu wa kulinda. Nilikulinda vibaya. Nitafika hapo.

Kwanza neno lenyewe.

Unakumbuka mwaka uliorudia mtihani wa Kiswahili. Alama yako ya kidato cha nne ilikuwa imekufungia mlango wa chuo cha uuguzi, na hukuwa na pesa za mwalimu, basi ukanichukua mimi, niliyekuwa ndiyo kwanza nimeingia sekondari. Tulikaa kwenye ngazi ya ghala la mahindi na ile kamusi niliyopewa zawadi ya insha. Siku moja ulikuwa ukisoma kifungu kwa sauti: "Mzee akatema mate, akanyamaza." Ukasimama. Ukaniuliza, "Anatema mate na nini, panga ama shoka?" Mimi sikuelewa, kisha nikaelewa, kwa sababu kwa Kikamba kutema ni kukata. Tulicheka mpaka Mama akatoka kuuliza kama tumemwaga maziwa.

Baada ya hapo lilikuwa neno letu. Baba akisukutua asubuhi pale nje na kutema maji, wewe unaninong'oneza, "Vipande viwili." Mtoto akitema uji, unasema, "Huyu atakuwa seremala." Na siku moja, kwa sababu mimi siwezi kuacha kitabu nusu, nilikuonyesha kwamba kamusi yenyewe ina maana ya pili, ya zamani, ya kukata miti au majani kwa panga. Ukakiweka kidole chako juu ya mstari huo, ukasema, "Basi Wakamba ndio Waswahili wa kweli. Hawa wengine wanatema mate tu."

Mtihani ulipita. Kisha ukapata ile kazi ya msaidizi pale zahanati, chini ya Sista Zuhura, muuguzi wa pale.

Sitaki usahau jinsi ulivyokuwa ukirudi nyumbani siku zile. Ulikuwa ukiingia hata kabla ya kunawa unaanza kufundisha. Sista amekuonyesha hivi, Sista amesema vile. Ulitueleza kile kifaa cha plastiki kilichopinda kama kidole, kinachowekwa mdomoni mwa mtu aliyezimia ili ulimi wake usirudi nyuma na kuziba koo. Vitabuni kina jina refu. Sista alikiita njia ya hewa, wewe ukakiita kidude. Ulisema viko vya saizi nyingi, na kwamba saizi hupimwa kwa mgonjwa mwenyewe, haikisiwi: upande mmoja unakaa kwenye pembe ya mdomo, wa pili ufike kwenye kona ya taya, hapa chini ya sikio. Ukachukua kijiko ukatupima sote. Baba ulimwambia ana taya la ngamia. Mama alikataa kupimwa, akasema yeye hajazimia na hana mpango huo.

Ulisema kikiwa kifupi kinausukuma ulimi ndani zaidi, na kikiwa kirefu kinaweza kuziba pale pale unapotaka kufungua. Kwa mtu mzima kinaingia kikiwa kimegeuzwa juu chini, halafu kinazungushwa. Kwa mtoto hakizungushwi, maana kinaweza kumuumiza kaakaa. Nami niliyakariri yote, kwa sababu yalikuwa yako.

Halafu ukatuambia sentensi ya Sista ambayo niliipenda kuliko zote, ukiigiza Kiswahili chake cha watu wa mjini Machakos ambao babu zao walitoka pwani: "Mwanangu, usimtie mtu kitu kooni ikiwa mwenyewe anajua kuwa umemtia." Nilikuuliza maana yake. Ulinijibu vizuri sana. Ulisema, mtu aliyezimia kabisa hahisi, kwa hiyo kidude kinakaa. Lakini akianza kuamka koo linakataa. Anameza, anatapika, anakisukuma kwa ulimi. Hapo kidude kimemaliza kazi yake na kinaanza kuwa hatari. Unakitoa, unamlaza ubavu, unabaki naye.

Hayo ni maneno yako, Mutinda. Uliyasema ukiwa umesimama pale kwenye mlango wa jiko, na kijiko mkononi.

Siku ya Kyalo mimi nilikuwa shuleni. Ninayoyajua ni yale uliyoniambia wewe mwenyewe jioni, na sijaongeza kitu. Kyalo alianguka kifafa kazini, kwenye kile kibanda cha kuchambulia mishiri, yale maharagwe ya kijani ya kuuzwa ng'ambo, wakambeba mpaka zahanati. Degedege lilikuwa limekwisha lakini alikuwa amezimia, akikoroma, midomo imeanza kubadilika rangi. Sista alimwinua kidevu, akampima, akamwekea kidude, ukoromaji ukaisha. Alisikiliza kifua. Kisha akatoka kutafuta gari, kwa sababu zahanati haina, na ile pikapu ya mishiri ilikuwa karibu kuondoka kwenda Thika. Akakuachia maneno haya: "Kaa hapa, tazama kifua chake, usiondoke. Akianza kukitema, kitoe, mlaze ubavu."

Akaanza kukitema.

Uliniambia ulikirudisha kwa kidole. Akakitema tena. Ukakirudisha tena, halafu ukachukua plasta ukaifunga juu ya midomo yake, kutoka shavu hili hadi shavu lile, ili kikae. Nilikuuliza kwa nini. Ulisema, "Niliogopa Sista akirudi akute kimetoka atasema nimeshindwa. Nilitaka akute kiko vile alikiacha."

Kyalo alitapika na mahali pa kutokea palikuwa pamefungwa. Sista alirudi akaing'oa plasta, akakitoa, akamgeuza ubavu, akanyonya matapishi kwa ile pampu ya kukanyaga kwa mguu, yale tu aliyoweza kuyaona, hakuchokora ndani zaidi. Lakini Kyalo alikuwa ameshayavuta mengine mapafuni. Wakampeleka hospitali kubwa kwenye ile pikapu, juu ya mishiri. Unajua wewe na ninajua mimi kwamba alilala huko wiki nyingi, na kwamba sasa akibeba kreti moja anakaa chini kupumzika.

Jioni hiyo sikukuchukia hata kidogo. Nataka ulijue hilo vizuri. Niliuacha ule mchicha, nikakaa karibu nawe chini kwenye majivu. Nilifikiri: ameogopa, mtu huogopa. Amekuja kuniambia ukweli, na mtu anayesema ukweli bado ni mzima. Nilikwambia, "Kesho mwambie Sista ulivyoniambia mimi." Ukasema, "Nitamwambia, mwaitu." Nililala nikiwa na huzuni ya Kyalo, lakini si yako.

Kisha ukaja kuazima kamusi yangu.

Ulisema unataka kuangalia maneno ya chuoni mapema, usije ukaaibika mbele ya watu wa Nairobi. Nilifurahi. Niliifunga upya kwa karatasi ya kaki kwa sababu jalada lilikuwa limelegea, nikakwambia kurasa za mwisho zina majina ya viungo vya mwili. Wewe ukasema asante. Ulinitazama kabisa machoni uliposema asante. Hilo ndilo ninaloshindwa kulielewa hata sasa nikiandika.

Nilijua kamati ya zahanati inakutana, lakini sikujua kwamba kamusi yangu imealikwa. Baba alirudi jioni akiwa na furaha ambayo sijaiona tangu ng'ombe azae pacha. Mama alikuwa anapakua. Wewe ulikuwa umekaa pale unapokaa siku zote.

"Mwaitu, kuja ukae hapa karibu na mimi," Baba akasema. "Leo kitabu chako kimemwokoa mtoto wako."

Nikauliza kitabu gani.

"Hicho kinene. Walikuwa wamembana kijana. Sista anasema, mimi nilimwambia akianza kukitema akitoe. Wote wakamgeukia Mutinda. Mutinda akasimama pole pole, akasema, wazee, sisi ni Wakamba. Mimi kusikia kutema nilijua ni kukata. Nilikuwa nikingoja aanze kukikata na meno ndio nikitoe. Na hakukikata. Kwa hivyo nikakifunga kisianguke, kama nilivyoelewa." Baba akaweka miwani ya kuigiza puani, kwa vidole, akawa Mzee Ndambuki mwenyekiti. "'Hebu lete hicho kitabu. Tema. Kata kwa panga.' Sista akakitazama kitabu. Angesema nini? Kitabu ni kitabu. Wakamwambia yeye ndiye amesoma, angejua anaongea na watu wa wapi."

Mama akasema, "Na Sista je?"

"Amewekwa nyumbani mpaka ripoti iende. Pengine watamwondoa. Lakini kijana ako sawa, mwenyekiti anamwandikia barua ya chuo." Baba akakupiga begani. "Ako na akili huyu. Kiswahili alifunzwa na mama yake."

Nilikuwa nakutazama wewe. Nilikuwa nangoja uniangalie mara moja tu. Hukuinua kichwa. Ulitafuna, ukameza, kisha ukanyoosha mkono, ukasema, "Nipatie chumvi, mwaitu."

Nami nikakupatia chumvi.

Nimejaribu kujieleza kilichoniuma, kwa sababu mimi hujielewa nikiandika. Ungesema uongo mwingine wowote ningeweza kuubeba. Ungesema hukusikia, ungesema kulikuwa na kelele. Lakini ulikwenda pale kwenye ngazi ya ghala, ukachukua kitu ambacho kilikuwa chetu sisi wawili tu, ukakichukua kikiwa bado na kicheko chetu ndani, ukampiga nacho mwanamke aliyekufundisha. Tena ulikitoa mikononi mwangu, na mimi nikakifunga karatasi ya kaki. Siku hizi Baba akisukutua nje asubuhi mimi huingia ndani.

Sasa nifike pale nilipokulinda vibaya. Unaikumbuka mishiri ya jirani, mbuzi wetu walipoingia? Ulikuwa umelala chini ya mti wewe. Baba alipochukua fimbo mimi nilisema kamba ilitafunwa na mbuzi, na ni kweli kamba ilikuwa imetafunwa, ila ilitafunwa wiki iliyotangulia na wewe ulijua hivyo. Baba akaiangalia kamba, akaweka fimbo chini. Usiku ukaniambia, "Mwaitu, wewe ni hatari, ulitumia kamba ya kweli." Nilijivuna. Nilikuwa mdogo nikadhani mama mzuri ni yule anayetafuta kipande cha ukweli cha kumfunikia mtoto. Kioo cha taa kilipopasuka, nilikusemea. Barua ya mwalimu mkuu, nilikusemea. Ukazoea kusemewa. Kwa kamati ulijisemea mwenyewe kwa mara ya kwanza, na ulitumia mtindo wangu. Niliposikia Baba akisimulia, kabla hata ya uchungu, niliitambua kamba ile.

Kwa hiyo sikuandikii kama mtu aliye juu yako.

Lakini kesho utaenda mahali ambapo utapewa vidude kama kile vingi, na vingine vigumu zaidi. Watakufundisha kupima na kuzungusha vizuri kuliko kijiko chetu. Kuna vile ulivyosema vinapitia puani, ambavyo mtu aliye nusu macho anaweza kuvivumilia, na kwamba huviweki kwa aliyepasuka kichwa ukiona damu au maji yakitoka puani au masikioni. Kuna ule mfuko wa kumpulizia mtu asiyepumua. Mikono yako ni mizuri, Sista mwenyewe alikuwa akisema. Sina wasiwasi na mikono yako.

Ninaogopa dakika ile ambayo mgonjwa atakataa kitu ulichomwekea, na nyuma yako kuna mkubwa anayekuja. Dakika hiyo itarudi. Sista alikuwa akisema chombo hakipumui, mtu ndiye anayepumua. Wewe siku ile uliangalia chombo. Ulitaka kikae. Kyalo alipokitema alikuwa anakupa habari nzuri, Mutinda, alikuwa anakwambia ameamka, na koo lake limerudi kujilinda lenyewe. Ilikuwa ndiyo habari ambayo wote mlikuwa mnaingoja. Ukamfunga mdomo.

Kitoke mikononi mwako. Kianguke sakafuni. Mkubwa aje akikute sakafuni na wewe umepiga magoti, shavu lako liko karibu na pua ya mgonjwa, mkono wako uko kifuani mwake, aseme anavyotaka kusema. Hiyo ndiyo aibu ninayokuombea.

Nilikuwa nimefika hapo nikaona siwezi kuendelea. Nilijisoma nikajiona mimi pia ninakuandikia kitu ambacho utakiweka sandukuni na kwenda nacho, na Sista Zuhura atabaki hapa bila kazi. Ripoti ya kamati inapelekwa kesho. Barua kwako isingemsaidia kitu. Nikafunika kalamu, nikavaa viatu vya shule.

Unajua jinsi ninavyoogopa kuongea na watu. Nilipita lango la Mzee Ndambuki mara mbili kabla ya kubisha. Alikuwa nje anapepeta choroko kwenye ungo, kwa sababu mkewe anaumwa mgongo.

"Wewe ni yule mama ya Mutinda," akasema. "Kuja. Mwanao anaondoka kesho?"

Nikasema ndiyo.

"Umeletwa na nini?"

Nilikuwa nimejipangia maneno njiani, yote yakapotea. Nikasema tu, "Mzee, Mutinda anajua kutema ni nini. Nilimfundisha mimi."

Hakuacha kupepeta. Nikaendelea. Nilimwambia habari za ngazi ya ghala, za mate na panga, na zile za Baba za vipande viwili. Nilimwambia ulichoniambia nyuma ya jiko, neno kwa neno. Sauti yangu ilikuwa ndogo, akaniambia mara mbili nirudie. Nilipomaliza aliweka ungo chini.

"Kamusi ni yako?"

"Ni yangu."

"Mimi niliisoma maana ya pili nikaacha ya kwanza," akasema. "Ilikuwa hapo juu yake, na mimi nimefundisha miaka yote hiyo." Kisha akaniuliza, "Baba yako anajua uko hapa?"

"Hajui."

"Na unajua hii inaweza kumharibia kijana wenu chuo?"

"Najua. Ni mwanangu, Mzee."

Aliokota jiwe dogo kwenye choroko akalitupa. Akasema ripoti haitaondoka kesho. Ataita kamati tena na nitasema mbele yao, na Sista akiwepo. Barua yako ya chuo amekwisha kuitia sahihi na unayo mkononi, hatakufuata kukunyang'anya. Lakini atakuwa hapa kwake asubuhi kabla ya gari lako. "Mwambie aje yeye, kwa miguu yake," akasema. "Nikisikia kwa mdomo wake nitaandika kwamba alikuja. Asipokuja nitaandika kwamba hakuja. Yote mawili chuo kitayasoma."

Kutoka hapo nikaenda kwa Sista. Nilidhani nitampelekea habari njema. Alikuwa anafunga vikombe kwa magazeti na kuvipanga kwenye katoni, maana ile nyumba ni ya zahanati. Hakunikaribisha kiti. Nilisimama mlangoni nikamwambia yote. Alinisikiliza huku anafunga.

"Ungekuja juzi," akasema.

Nikasema, "Ni kweli."

"Mwanangu Mwanaisha alirudi kutoka shuleni analia. Wanamwambia mama yako aliua mtu kwa Kiswahili. Na Kyalo hajafa." Akakifunga kikombe kingine. "Nilimwacha peke yake yule kijana, na hilo ni langu, nitalijibu. Lakini neno langu lilikuwa sawa."

"Lilikuwa sawa, Sista."

"Nilimpenda yule. Nilikuwa nikimwambia, wewe utanipita." Alikaa kitako juu ya katoni. "Haya, nenda nyumbani, jua linazama. Nitakuja hiyo siku ya kamati."

Hakuniambia asante, na sikutaka.

Niliporudi ulikuwa bado hujarudi. Nimemwambia Baba kwanza, nikiwa nimesimama, kwa sababu ningekaa ningelia. Hakunipiga. Alitoka akaenda kwa ng'ombe na bado yuko huko. Hakuniita mwaitu. Sijui kama ataniita tena.

Halafu nikaingia chumbani kwako, nikafungua sanduku nione kama mashati Mama aliyoyapiga pasi hayajakunjana. Chini ya mashati nikaikuta kamusi yangu, bado ina ile karatasi ya kaki. Ulikuwa unaondoka nayo. Nimeitoa. Badala yake nitaiweka barua hii, juu ya mashati, ili uione utakapochukua mswaki.

Mzee Ndambuki huamka mapema. Nimekuchotea maji ya kuoga, yako kwenye ndoo ya bluu nyuma ya jiko, nimeyafunika. Nimeacha na kijiti cha kiberiti, uyapashe.

Mama yako,
Mumbua